Asili

Fomu ina kisanduku kimoja.
Ijumaa, saa kumi jioni, ofisi inafungwa,
na Winnipeg inaipokea Machi shingo upande:
theluji ya kando ya njia imekuwa rangi ya majivu,
basi la Portage linarusha tope hadi vioo vya maduka.

Nimeandika jina, Siwema Ruhinda.
Nimeandika namba.
Mbele ya "somo kuu" kalamu imegoma kama punda.

Bi Kowalchuk, mshauri wa masomo,
ana ua lililokauka dirishani na subira isiyokauka.
"Epidemiolojia utaikuta shahada ya pili," anasema.
"Kwanza upite mlango mwingine, na milango ni mingi."
Anageuza skrini. Biolojia. Takwimu. Sosholojia.
Hata jiografia, maana magonjwa nayo yana anwani.
"Hakuna njia moja," ananiliwaza,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mjomba Seleli, kwa simu, kutoka Brampton:
"Biolojia, kisha udaktari.
Daktari asiyeshika sindano ni daktari wa nini?"
Nikamwambia nataka kujua kwa nini mtaa mzima unakohoa,
si kifua cha mtu mmoja.
Akanyamaza. Akauliza kama nimekula.

Biolojia niliionja mwaka wa kwanza.
Niliipenda hadubini, nikawapenda bakteria
wanavyogawana bila ugomvi wa mirathi.
Ila kila nilipoinua jicho nilitaka kuuliza:
huyu ametoka kwa nani, kwa mlango upi,
chumbani mle walilala wangapi?
"Hilo halimo katika zoezi la leo," alisema msaidizi,
akafuta meza.

Mama hufua mashuka katika nyumba ya wazee
kaskazini ya reli.
Januari ile ya matapishi,
wauguzi walihesabu wagonjwa: kumi na tisa kwa siku tatu.
Mama alihesabu mashuka.
Nyuma ya risiti ya sabuni alichora vijiti,
vinne vimesimama, cha tano kikivikata,
upande huu machafu, upande huu masafi.
"Masafi ya nini?" nilimcheka. "Wazima hawana habari."
"Wazima ndio wenye habari," alisema, akikunja pembe kwa pembe.
"Bwana Dueck haoni vizuri.
Bi Flett anasema kamari ni dhambi.
Yule wa chumba cha mwisho hatoki.
Wote wamelala pakavu, na wote hawashiki karata."

Siku ya nne karata zilitupwa.
Siku ya saba alifua jasho tu.
Ripoti iliandikwa; sijui na nani.

Darasa la nne, Ujiji, kabla hatujaondoka,
Mwalimu Kabulanzi alitufundisha sehemu:
juu ni kiasi, chini ni asili.
Kiasi bila asili ni kelele, alisema,
akagonga ubao hadi chaki ikavunjika.
Hapa watu huniuliza asili yangu ndani ya lifti;
nataja mji, mlango unafunguka, wanashuka.
Miaka yote hiyo nilidhani neno ni lile lile
kwa bahati mbaya.

Kumi na tisa waliugua.
Kati ya wangapi?
Swali linakaa chini ya mstari, halionekani,
limebeba kila kitu.

Saa kumi kasoro dakika sita.
Naandika Takwimu, kwa mwandiko wa kukimbia mvua.
"Una hakika?" anauliza Bi Kowalchuk, muhuri mkononi.
"Asilimia sabini."
"Na thelathini?"
"Nitachukua somo moja la vijidudu. Na moja la watu."
Anacheka, anagonga.

Usiku Mama yuko kochini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.
"Takwimu ndiyo nini?"
"Ni vile vijiti vyako," nasema. "Vya nyuma ya risiti."
Anautoa mguu mmoja, anautazama, anaurudisha.
"Na hivyo," anasema, "vinasomewa miaka minne?"